Mombo hadi Lushoto kwa betri moja: gia, mota ya pedeli au betri ya pili?

Boksi la seti yangu ya umeme wa baiskeli liliandikwa kilomita 60 kwa chaji moja. Asubuhi ya kwanza niliyoondoka Mombo, chini ya milima ya Usambara, taa zote za betri zikiwa za kijani, nilijua Lushoto, huko juu, ni kilomita 33 hivi, nikajipigia hesabu ya mtoto wa darasa la tatu: nitafika, na karibu nusu ya chaji itabaki. Taa ya mwisho ilizimika kabla sijauona mji. Nikashuka, nikasukuma. Mabinti wawili waliobeba kuni wakanipita, mmoja akaniamkia "shikamoo" kwa adabu zote, na walipokata kona nikasikia kicheko.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mengi kwenye baiskeli ile, mengine kwa busara na mengine kwa hasira, na kila anayeiona huuliza swali moja. Ana baiskeli nyepesi ya umeme, anaishi mlimani, chaji haimfikishi, na mfukoni ana pesa ya jambo moja tu. Abadilishe gia, ahamie mota ya pedeli, ile inayovuta cheni badala ya kukaa ndani ya gurudumu, au anunue betri ya pili? Nitazilinganisha njia hizo tatu kwa mizani ileile. Zote zinafanya kazi, ila hazimfanyii kazi mtu yuleyule.

Ninaposema baiskeli nyepesi, nina maana ya ile yenye mota ya wati 250 ndani ya gurudumu la nyuma, betri ya volti 36 na ampia-saa 10, yaani wati-saa 360 (wati-saa ndicho kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri), na uzito wa kilo 17 hivi ikiwa imekamilika. Si pikipiki ya umeme. Ni baiskeli ambayo umeme ukiisha bado unaweza kuikanyaga.

Mlimani unapima kimo, hupimi barabara

Kilomita 60 za kwenye boksi ni za tambarare. Mlimani kilomita haina maana kubwa, kinachokula betri ni mita unazopanda kwenda juu. Kupandisha kilo 100 kwa mita 100 za kimo kunataka wati-saa 27, uende polepole au haraka, upite njia ndefu au ya mkato. Deni hilo halina punguzo.

Mombo iko mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu 1,400. Mimi kilo 75, baiskeli 17, begi 8: kilo 100 kamili, hesabu inakuwa rahisi. Kimo peke yake kinatudai wati-saa 270. Msuguano wa matairi unaongeza kama 70, na upepo kama 45 ukienda kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa. Jumla ni 385 hivi, kazi ya saa mbili na dakika kumi na kidogo.

Sasa nani analipa? Miguu na betri. Na betri hailipi kwa uaminifu, kwa sababu karibu robo ya umeme wake hupotea kama joto kwenye waya, kontrola (kisanduku kinachogawa umeme kwa mota) na mota kabla haujafika kwenye tairi.

Ukikanyaga kivivu, mguu unaisindikiza pedeli tu, unatoa kama wati 50. Kwa safari nzima ni wati-saa 110. Zinazobaki 275 ni za mota, na ukijumlisha ile robo inayopotea, betri inatoa 367. Betri yako ina 360. Ndiyo maana nilisukuma.

Ukikanyaga kama mtu mzima mwenye afya, jasho linakutoka lakini bado unaweza kuongea, unatoa kama wati 100. Hapo miguu inalipa 220, mota 165, na betri inatoa 220 tu. Unafika Lushoto na wati-saa 140 mkononi, unakwenda mpaka Irente, kwenye ukingo wa mlima, kuangalia nyika huko chini na kurudi.

Betri ni ileile na barabara ni ileile. Tofauti ya wati-saa 147 imetoka kwenye mapaja yako. Kumbuka namba hiyo, maana kila njia nitakayoitaja hapa chini itapimwa nayo.

Joto, jambo ambalo muuzaji halisemi

Mota ya gurudumu haina gia ya kubadili. Gurudumu likizunguka polepole, nayo inazunguka polepole. Joto linalozalishwa ndani yake linafuata nguvu inayosukuma nayo: nguvu ikiongezeka maradufu, joto linaongezeka mara nne. Na nguvu inayohitajika inaamuliwa na ukali wa mlima, si mwendo wako.

Matokeo yake yanashangaza. Kwenye tambarare, ukipunguza mwendo unaokoa umeme kwa sababu upepo unapungua. Kwenye mlima mkali, ukiiachia mota ya gurudumu ikuburute kwa kilomita 6 kwa saa, kila sekunde inatoa joto lilelile ambalo ingelitoa kwa kilomita 12, ila sekunde ni mara mbili. Unapoteza umeme zaidi kwa kimo kilekile, na mota inaiva.

Mimi ilinitokea kona za juu ya Soni, mji ulio njiani kwenda Lushoto, nikiwa na kilo 20 za viazi kwenye keria. Nilisikia kwanza harufu, ile ya plastiki iliyoachwa karibu na jiko. Nikashuka kushika habu, kile kitovu cha gurudumu chenye mota, mkono haukukaa hata sekunde mbili. Mota ilipona. Kontrola ilikufa, na duka lililoniuzia lilinijibu kwamba "umepandisha mzigo". Nilitamani kuwauliza walidhani watu wa Lushoto hushusha nini.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inaokoa au inaongeza wati-saa ngapi kwenye safari ile ya mita 1,000, inafanya nini kuhusu joto, baiskeli inakuwaje umeme ukiisha, fundi wa kawaida anaiweza na vipuri vinapatikana, na gharama. Sitaji bei kwa shilingi kwa sababu zinabadilika na meli na dola. Kipi ghali kuliko kipi, hilo halibadiliki sana.

Njia ya kwanza: bakia na mota yako, badili gia

Baiskeli nyingi zinazofungwa mota huku zina gia moja: spoketi ya meno 48 mbele, ya meno 18 nyuma, gurudumu la inchi 26. Kwa mzunguko mmoja wa pedeli unakwenda mita 5.5. Tambarare ya Mombo hiyo ni raha. Sasa ipeleke kwenye kona kali, mwendo umeshuka hadi kilomita 8 kwa saa: pedeli zinazunguka mara 24 kwa dakika, mzunguko mmoja kila sekunde mbili na nusu. Hakuna goti linalofanya kazi hivyo. Unasimama juu ya pedeli, unachoka, unakaa, unaiachia mota. Wengi tunajiona wavivu kumbe gia ndiyo iliyotufungia nje.

Weka spoketi ya meno 36 mbele, na nyuma friwili ya gia saba, yaani rundo la spoketi saba, ambayo kubwa yake ina meno 34. Kwa mwendo uleule wa kilomita 8, pedeli zinazunguka mara 60 hivi kwa dakika. Hapo miguu inafanya kazi.

*Wati-saa.* Gia yenyewe haitoi hata moja. Inakuruhusu wewe kutoa. Kwa mtu aliyekuwa anatoa wati 50 akafika 100, ni ile 147 niliyoitaja, sawa na kuongeza betri kwa asilimia 40. Kwa mtu ambaye hawezi au hataki kukanyaga, ni sifuri. Kuwa mkweli kabla hujatoa pesa.

*Joto.* Linapungua, ila si moja kwa moja: miguu ikibeba nusu ya nguvu kwenye kona kali, nusu inayobaki kwa mota inatoa robo ya joto. Lakini mota bado iko ndani ya gurudumu, na kwenye miinuko mirefu ya asilimia 10 na zaidi itaiva tu.

*Umeme ukiisha.* Hapa njia hii ina raha yake. Mota ndogo zenye gia ndani huachia zenyewe, hazikokoti, na sasa una gia ya mlima. Unafika nyumbani umechelewa, si umesukuma.

*Fundi na vipuri.* Fundi yeyote wa baiskeli. Angalia tu kwamba habu yako inapokea friwili ya kusokota, nyingi zinapokea, na kwamba kibadilisha gia cha nyuma kina mkono mrefu wa kutosha kumeza cheni ya spoketi ya meno 34.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote, kwa mbali.

Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya betri ya pili fundi wangu wa Soni aliponikata kauli. Ameinua gurudumu la nyuma, anazungusha pedeli kwa mkono, ananitazama. "Mwalimu, betri haina kosa. Wewe unapanda Soni kwa gia ya Mombo." Nililipa friwili, na sikurudi kuulizia betri kwa muda mrefu.

Njia ya pili: mota ya pedeli

Hii inafungwa pale ekseli ya pedeli inapopita, na nguvu yake inapita kwenye cheni na gia zako. Kwa hiyo mlima ukikaza unashusha gia, wewe na mota mnapumua pamoja. Seti zinazojulikana za kufunga mwenyewe ni Bafang za mfululizo wa BBS na Tongsheng TSDZ2. Kwa mlima, tofauti kati yao ina uzito kuliko wati zilizoandikwa: BBS inatambua tu kwamba pedeli zinazunguka, ikatoa nguvu kulingana na ngazi uliyochagua, TSDZ2 inapima umekanyaga kwa nguvu kiasi gani, ikazidisha.

*Wati-saa.* Watu hutarajia muujiza hapa. Deni la kimo ni lilelile, 270, hakuna mota inayolipunguza. Inachookoa ni sehemu ya ile robo inayopotea, na kwenye mlima mkali ambapo mota ya gurudumu inapoteza zaidi ya robo, uokoaji unaonekana hasa. Kwenye barabara ya Mombo, ambayo kwa wastani ni mwinuko wa asilimia 3 tu yenye vipande vikali hapa na pale, usitegemee zaidi ya makumi machache ya wati-saa. Ukitoka barabara kuu kuelekea vijijini ndani, kwenye njia za udongo zinazopanda kama ngazi, hesabu inageuka kabisa. Kule mota ya gurudumu ya wati 250 haiko kwenye mashindano.

Kuna uokoaji wa pili, wa kitabia. Mota inayopima nguvu ya mguu haikuachi udanganye. Ukizungusha pedeli bure haikupi kitu. Bila kukusudia unajikuta unatoa zile wati 100. Nadhani nusu ya sifa za mota hizi kwa umbali zinatoka hapo, sio kwenye sumaku.

*Joto.* Bora kuliko zote, kwa sharti kwamba unabadili gia. Ukipanda mlima kwa gia nzito, mota ya pedeli nayo inakwama na kuiva, na TSDZ2 ina gia ya plastiki ndani ambayo ndiyo ya kwanza kuumia. Zungusha pedeli mara 70 au 80 kwa dakika, usiruhusu ishuke chini ya 50.

*Umeme ukiisha.* Inakanyagika vizuri, mradi una gia za mlima nyuma. Uzito wa mota ni kilo nne hivi, na uko chini katikati, kwa hiyo baiskeli haivutwi nyuma kwenye mwinuko. Ukiibeba begani kupanda ngazi utaona tofauti.

*Fundi na vipuri.* Hapa ndipo inapokata. Nguvu ya mota na ya mguu zote zinapita kwenye cheni moja, kwa hiyo cheni na spoketi zinaisha mapema, na ukibadili gia huku mota inasukuma, siku moja cheni itakatika mahali pabaya. Ondoa nguvu mguuni kwanza, ndipo ubadili. Kabla ya kuagiza, pima upana wa bomba linaloshika ekseli ya pedeli: seti nyingi za kawaida zinataka milimita 68 hadi 73. Mota yenyewe ikileta matatizo ndani, fundi wa mtaani atakurudishia ikiwa imefunguliwa na skrubu mbili zimebaki mezani.

*Gharama.* Kubwa kuliko seti ya mota ya gurudumu, na mara nyingi utalazimika kununua gia za nyuma juu yake, maana mota ya pedeli kwenye baiskeli ya gia moja ni pesa iliyotupwa.

Njia ya tatu: betri ya pili

Hoja inayotumika sana kuipinga ni uzito, na nilipoipigia hesabu niliona aibu kwa miaka niliyoirudia. Betri ya wati-saa 360 ina kilo mbili na robo hivi. Kuipandisha kutoka Mombo hadi Lushoto kunakula wati-saa 8 za umeme, tuseme 10 na msuguano. Inaleta 360, inakula 10. Mtu anayekata mpini wa mswaki ili apunguze mzigo, lakini anakataa betri ya pili kwa sababu ya uzito, hajashika kalamu.

*Wati-saa.* Nyingi kuliko njia nyingine yoyote, na hazitegemei mapaja yako. Kwa mzee, kwa mwenye goti bovu, kwa mama anayempeleka mtoto shule na kapu mbele, hilo ndilo jambo lenyewe.

*Joto.* Haisaidii hata kidogo. Inaweza hata kudhuru, kwa sababu betri iliyokuwa ikiisha katikati ya mlima ilikuwa inailazimisha mota kupumzika. Sasa mota inapika saa nzima zaidi. Mwenye betri mbili anapaswa kujifunza kusimama: shuka, ishike habu kwa kiganja, kama mkono haukai, kunywa maji na ungoje.

*Umeme ukiisha.* Hauishi, ndiyo maana yake. Ukiisha kweli, una kilo mbili na robo za ziada na gia ileile ya Mombo.

*Fundi na vipuri.* Kubadilisha betri njiani ni kazi ya dakika moja: toa hii, weka ile. Kuziunganisha pamoja ni habari nyingine. Betri mbili zikifanya kazi kwa pamoja kila moja inatoa nusu ya mkondo, hazichoki haraka, volti hazishuki sana kwenye kona kali. Ni jambo zuri kiufundi. Lakini ukiunganisha iliyojaa, volti 42, na iliyokwisha, volti 31, umeme unarukia kutoka moja kwenda nyingine kwa kasi ambayo waya haukuandaliwa kuibeba. Nimeona plagi iliyoyeyuka kwa sababu hiyo, na mwenye nayo alikuwa na bahati kwamba ni plagi tu. Kama huna kifaa cha kuziunganisha kwa usalama, kinachozuia moja isiimwagie nyingine umeme, zitumie moja baada ya nyingine.

*Gharama.* Kwa kawaida betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye baiskeli. Na inazeeka hata ukiiacha kabatini. Ukiiweka muda mrefu, iache na chaji ya nusu, mahali pa baridi. Usiiache imejaa ndani ya gari lililoegeshwa kwenye jua la Mombo.

Wanaotegemea ndugu walioko nje wawaletee betri wajue kanuni ya ndege: betri ya lithiamu ya akiba inayozidi wati-saa 160 haibebwi na abiria, na kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Ya 360 haipandi ndege ya abiria, hata ikifungwa ndani ya vitenge.

Na kuna betri ya pili ya maskini: chaja. Ina uzito wa nusu kilo au pungufu. Chaja ya kawaida ya ampia 2 inarudisha karibu wati-saa 80 kwa saa. Simama Soni saa moja na nusu, kunywa chai, ongea na watu, umepata 120, nazo zinatosha kupandisha kilo 100 kwa zaidi ya mita 300 hata kama miguu imelala. Mama wa mgahawa hulipwa elfu moja na hufurahi, isipokuwa siku ambayo umeme umekatika tangu asubuhi. Siku hizo mwenye betri ya pili begani ndiye anayecheka.

Vipi kuhusu mota inayorudisha umeme ukiteremka?

Nitapita haraka. Mota za gurudumu zisizo na gia ndani zinaweza kuchaji betri kwenye mteremko, lakini ni nzito, kwa kawaida kilo tano na zaidi, na zinakokota umeme ukiisha. Kwenye mteremko wa wastani wa asilimia 3, ukiteremka kwa kilomita 25 kwa saa, upepo na matairi vinakula sehemu kubwa ya nguvu ya kushuka. Kinachobaki cha kurudisha ni kidogo. Kwa baiskeli nyepesi, faida ya kweli ni kupumzisha breki.

Kwa mlio ughaibuni na baiskeli za kiwandani

Uchaguzi wenu umefanywa na kiwanda, lakini mizani ni ileile. Mahle X35 ni mota ya gurudumu yenye betri ya wati-saa 250 hivi: nyepesi, kimya, nzuri kwa vilima vya mawimbi, inachoka kwenye milima mirefu na mikali. TQ HPR50 yenye betri ya 360, Specialized SL ya kwanza yenye 320, na Bosch SX yenye 400 ni mota za pedeli. Ile betri ya ziada ya wati-saa 160 inayokaa mahali pa chupa ya maji kwenye TQ na Specialized ni mita 440 za kimo kwa kilo 100 ikiwa mota inafanya kazi yote, na maradufu kama wewe unabeba nusu. Fungua ramani ya njia yako, angalia jumla ya mita za kupanda, ilinganishe na hizo 440. Na kumbuka kwamba betri yenye baridi hutoa kidogo. Wakati wa majira ya baridi ilaze ndani, iweke kwenye baiskeli unapoondoka.

Uchague ipi?

Kama una gia moja nyuma na magoti mazima, anza na gia hata kama mwishoni utanunua kingine. Mota ya pedeli itazihitaji, na betri ya pili itakaa muda mrefu zaidi kwa sababu ya gia hizo. Upepo wa matairi ukaze siku hiyohiyo, ni bure.

Kama tayari una gia za mlima, unakanyaga kweli, na bado chaji inakatikia mita 100 au 200 za mwisho, usinunue kitu kikubwa. Beba chaja, tafuta mahali pa kusimama.

Kama njia yako ni mikali kweli, ya udongo, ile ambayo bodaboda zenyewe zinashusha abiria, betri ya pili itakuunguzia mota. Hapo ni mota ya pedeli, na uwe tayari kununua cheni.

Kama unabeba mzigo wa biashara kila siku, sema kilo 20 za karoti kwenda sokoni, ongeza wati-saa 90 hivi kwenye hesabu ya safari nzima kabla hujaamua. Kwa barabara ya lami betri ya pili inafaa, pamoja na mapumziko ya mota. Kwa milima mikali ni mota ya pedeli. Wanaobeba mzigo kushuka tu wana bahati yao.

Kama miguu haiwezi, kwa umri au maradhi, usikubali kuhubiriwa habari za gia. Nunua betri, na ikiwezekana ziwe na kifaa cha kuziunganisha kwa usalama. Mota inayopima nguvu ya mguu haitakufaa sana, kwa sababu inampa zaidi anayekanyaga zaidi. Bora ile inayotambua mzunguko tu.

Kama baiskeli ni ya kukodisha au inatumiwa na watu wengi, bakia na mota ya gurudumu. Mtu asiyejua kubadili gia ataikata cheni ya mota ya pedeli wiki ya kwanza.

Na kama unapanda mara moja kwa wiki na kushuka mara moja, kuna njia ambayo hakuna duka litakuuzia. Costa za Lushoto, yale mabasi madogo, zina keria. Mimi Ijumaa hufunga baiskeli juu kwa mipira miwili, natoa betri naishika mapajani, nalipa nauli ya mtu na ya mzigo. Jumatatu alfajiri nateremka hadi Mombo nikiwa nimevaa koti, mota imezimwa, na ninapofika chini kwenye joto la mkonge taa zote za betri bado ni za kijani.